Ganzi bila sindano: mwenye maumivu si mwenye kulipa

WENYE hisa wa Anesiva, kampuni ya dawa ya South San Francisco nchini Marekani, walikuwa na kila sababu ya kufurahi Agosti 2007. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ilikuwa imeidhinisha bidhaa yao mpya iitwayo Zingo, kifaa kidogo cha mkononi kinachotia ganzi ngozi ya mtoto dakika 1 hadi 3 kabla ya kuchomwa kwa ajili ya dripu au kutolewa damu. Kifaa hicho hakina sindano. Kinarusha unga. Novemba 2008 kampuni ikakiondoa sokoni, na Januari 2010 ikafungua shauri la kufilisiwa.

Kwa mfanyabiashara kisa hiki kinauma kwa sababu hakuna kosa kubwa la kunyooshea kidole. Kifaa kilifanya kazi na kilipita majaribio. Hakikuondolewa kwa kudhuru wagonjwa. Vipimo vya kawaida vya ubora vilionyesha kuwa kitu kimojawapo kilichotumika kukitengeneza kingeweza kufupisha muda wake wa kukaa ghalani. Na kichekesho ni kwamba Januari 2009, miezi miwili baada ya kuondolewa, FDA iliidhinisha kitumike pia kwa watu wazima. Kibali kikapanuka wakati rafu ziko tupu.

Mahitaji yenyewe hayana ubishi. Anayeingia wodini kwa homa kali, kuharisha, upasuaji au uzazi wa taabu karibu lazima awekewe kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa mshipani kwa sindano ili maji na dawa vipite. Kwa mtu mzima ni maumivu ya sekunde chache. Kwa mtoto wa miaka minne ni vita: watu wawili wanamshika, wa tatu anatafuta mshipa, mama anageuza uso. Mshipa ukikosekana wanaanza upya mkono wa pili. Mtoto mwenye selimundu au saratani hupitia hayo mara kwa mara, na wapo wanaoanza kulia wakiona tu geti la hospitali.

Ganzi ya kawaida, lidokeini inayochomwa chini ya ngozi, ipo na ni nafuu. Lakini nayo huja kwa sindano, na kumwambia mtoto kuwa atachomwa ili asisikie kuchomwa ni biashara ngumu. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 40 kampuni kubwa na ndogo zimetafuta ganzi isiyo na sindano. Zilizofika sokoni ni nyingi. Zilizoona faida ya maana ni chache, na mara nyingi si zile ambazo mwenye mtaji angezichagua.

MAFUTA YA SÖDERTÄLJE

Lidokeini ilitengenezwa Stockholm mwaka 1943 na wanakemia Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, na kampuni ya Astra ikaanza kuiuza mwaka 1948 kwa jina la Xylocaine. Ilikuwa dawa iliyoijenga Astra. Tatizo lake moja lilibaki pale pale: ngozi nzima isiyo na jeraha haiipitishi. Tabaka la juu la ngozi limeumbwa kuzuia vitu visiingie, na lidokeini iliyotiwa katika krimu ya kawaida hubaki juu juu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Astra nchini Sweden, ambako kampuni ilikuwa na makao yake mjini Södertälje, walipata ujanja. Lidokeini ni chenga kavu zinazoyeyuka kwenye nyuzi joto 68 hivi. Ndugu yake, prilokeini, huyeyuka karibu na nyuzi 37. Zikichanganywa nusu kwa nusu, chenga hizo huyeyuka kwenye nyuzi 18 tu, yaani katika joto la kawaida la chumba mchanganyiko wote unakuwa mafuta. Mafuta hayo yakivurugwa na maji na kuwa krimu, kila tone dogo linakuwa limesheheni dawa, ingawa krimu nzima ina asilimia 5 tu: 2.5 ya lidokeini na 2.5 ya prilokeini. Nguvu iko ndani ya tone, na tone ndilo linaloigusa ngozi.

Krimu hiyo, EMLA, iliingia sokoni Sweden mwaka 1984, na Marekani ikapata kibali mwishoni mwa 1992. Haihitaji mashine, gesi wala betri. Ni mrija mdogo kama wa dawa ya meno na plasta ya kufunikia. Hataza ilipokwisha, viwanda vya nchi nyingine navyo vikaanza kutengeneza krimu ya mchanganyiko ule ule kwa majina yao.

Kasoro yake kubwa ni muda. Inapakwa nene, inafunikwa, kisha inasubiriwa dakika 60 angalau. Baada ya saa 1 ganzi huwa imefika kina cha milimita 3 hivi. Baada ya saa 2, milimita 5. Pia huifanya ngozi ipauke na mishipa midogo isinyae, jambo ambalo muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto halipendi hata kidogo. Prilokeini nayo, ikizidi kwa mtoto mchanga, inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, kwa hiyo kipimo kinaangaliwa kwa makini.

Katika wodi ya upasuaji wa kupangwa saa 1 si kitu: mtoto anapakwa krimu asubuhi akiwa anacheza. Katika chumba cha dharura ni nyingi mno. Nesi hajui kama mtoto atahitaji dripu mpaka daktari amwone, na daktari akishaiagiza dripu anaitaka sasa hivi.

Wapinzani wa kwanza walijaribu kuipunguza saa hiyo kwa krimu nyingine. Ametop, wakati huo ya Smith & Nephew ya Uingereza, yenye tetrakeini asilimia 4, huhitaji dakika 30 kwa kutoa damu na 45 kwa kanula, na yenyewe huifanya ngozi iwe nyekundu badala ya kuipausha, ila lazima ikae kwenye jokofu. Nchini Marekani, Ferndale Laboratories ya Michigan ilitoa krimu ya lidokeini asilimia 4 iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Krimu hiyo, inayojulikana sasa kama LMX4, hufanya kazi kwa dakika 30 na huuzwa dukani bila cheti cha daktari. Nusu saa ikawa imeokolewa. Nusu saa iliyobaki ndiyo iliyovuta mitaji.

MBIO ZA DAKIKA

Mzizi wa Zingo uko Oxford, Uingereza. Brian Bellhouse, mhandisi wa chuo kikuu cha huko, alibuni namna ya kutumia gesi ya heli kurusha unga wa dawa kwa kasi kubwa kiasi kwamba chembe zake hupenya ngozi zenyewe. Mwaka 1993 ikaanzishwa kampuni ya PowderJect, ikiongozwa na Paul Drayson, na mwaka 1997 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la London. Unga wa lidokeini ulikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kufikiriwa. Ahadi iliyouzwa kwa wenye mitaji ilikuwa fupi na tamu: mwisho wa sindano.

Kilichotokea baadaye ni somo lenyewe. PowderJect ilinunua kiwanda cha chanjo huko Liverpool, na chanjo ya mafua iliyokuwa ikitoka pale, ya kuchomwa kwa sindano kama chanjo nyingine yoyote, ndiyo ikawa injini ya mapato. Mwaka 2003 kampuni ya Chiron ya California iliinunua PowderJect kwa pauni milioni 542. Walioshika hisa hadi mwisho walilipwa, lakini walilipwa hasa kwa sababu ya sindano, si kwa sababu ya kuiondoa.

Unga wa lidokeini ulikuwa umekwenda njia nyingine. Ulichukuliwa na kampuni ya AlgoRx ya Marekani, ambayo Desemba 2005 iliungana na Corgentech, kampuni iliyokuwa na fedha benki lakini dawa yake kuu ilikuwa imeshindwa katika majaribio. Muungano huo ndio uliopewa jina la Anesiva mwaka 2006. Kwa hiyo Zingo ilipofika hospitalini mwaka 2008 ilikuwa imepita mikononi mwa wamiliki watatu, na kila mmoja alikuwa ameweka gharama zake juu yake. Ndani ya kila kifaa mlikuwa na miligramu 0.5 za lidokeini, kopo dogo la heli yenye mgandamizo, kaseti, na kifyatulio. Kikitumika mara moja kinatupwa. Kitu cha namna hiyo kinatengenezwa kwa usahihi wa saa ya mkononi na kinauzwa kwa mnunuzi anayekilinganisha na mrija wa krimu.

Isitoshe, kampuni ilikuwa ikigharamia wakati huo huo majaribio ya dawa nyingine, Adlea, iliyotokana na ukali wa pilipili na iliyokusudiwa kwa maumivu baada ya upasuaji. Mwishoni mwa 2008 masoko ya fedha ya dunia yalikuwa yameganda. Kampuni ndogo isiyo na faida, yenye bidhaa moja iliyorudishwa ghalani, haikuwa na mlango wa kubisha.

Anesiva haikuwa peke yake katika mbio hizo. Vyteris ya New Jersey, iliyotokana na kampuni kubwa ya sindano ya Becton Dickinson, ilipata kibali cha FDA mwaka 2004 kwa LidoSite, plasta inayosukuma lidokeini ndani ya ngozi kwa umeme mdogo kwa dakika 10. Ilifanya kazi, lakini hospitali ilitakiwa iwe na mashine ya kuendesha plasta hiyo, na mtoto alitakiwa akubali kuhisi mchonyoto wa umeme ili asihisi mchomo wa sindano. Mwaka huo huo wa 2004 Sontra ya Massachusetts ilipata ruhusa ya SonoPrep, kifaa kilichotumia mawimbi ya sauti kulegeza ngozi ili krimu ipenye kwa dakika 5 hivi. Mwaka 2005 ikaja Synera ya kampuni ya ZARS ya Salt Lake City, plasta ya lidokeini na tetrakeini inayojipasha moto yenyewe inapokutana na hewa na kumaliza kazi kwa dakika 20 hadi 30. ZARS ilinunuliwa na Nuvo Research ya Kanada mwaka 2011. Anayetafuta miongoni mwa hizo bidhaa iliyomtajirisha mwenye hisa wa kawaida atatafuta sana.

NANI ANALIPA?

Swali ambalo waraka wa kuuza hisa hauliulizi kwa sauti ni hili: kati ya mtoto anayeumia, mzazi anayeona, nesi anayechoma, daktari anayeagiza na ofisa ugavi anayenunua, ni nani anayetoa fedha? Nchini Marekani, tangu 1983, Medicare, bima ya serikali kwa wazee, imekuwa ikizilipa hospitali kiasi kimoja kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa kwa mgonjwa aliyelazwa, na bima nyingine nyingi zimefuata mtindo huo kwa namna moja au nyingine. Chini ya mpango huo kanula ni sehemu ya gharama za hospitali, na ganzi ya kanula ni gharama juu ya gharama. Hospitali ikinunua kifaa cha haraka hailipwi zaidi. Isiponunua hailipwi pungufu. Mtoto analia dakika 10, kilio hakiingii kwenye ankara.

Mwenye bidhaa hapo hubaki na hoja moja tu ya kumshawishi mhasibu: muda. Na hoja hiyo ina ushahidi. Mwaka 2005 watafiti wa hospitali ya watoto ya Toronto, wakiongozwa na mfamasia Anna Taddio, walichapisha matokeo ya majaribio kwa watoto 142 waliohitaji kanula. Nusu walipakwa krimu ya lidokeini ya dakika 30, nusu krimu isiyo na dawa, na wachomaji hawakujua nani kapakwa nini. Waliopakwa dawa, kanula iliingia mara ya kwanza kwa asilimia 74 yao. Waliopakwa krimu tupu, asilimia 55. Kazi nzima ya kuchoma ilichukua wastani wa dakika 6.7 kwa kundi la kwanza na 8.5 kwa kundi la pili.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa jicho la muuza duka. Katika watoto 100, watoto 19 zaidi hawahitaji kuchomwa mara ya pili. Hizo ni kanula 19 ambazo hazikutupwa, pamoja na plasta zake na muda wa wauguzi wawili au watatu waliokuwa wakimshika mtoto anayefurukuta. Mtoto asiyeumia hatapitapi, na mshipa usiotikisika ni rahisi kuupata. Ni akiba ya kweli. Lakini ukiangalia vizuri, ilipatikana kwa krimu ya dakika 30 inayouzwa dukani, na aliyetumia mamilioni ya dola kuipunguza nusu saa hiyo hadi dakika 1 anakuta akiba kubwa imeshachukuliwa na mrija wa bei ndogo.

Kuna hospitali chache zilizoamua kutosubiri mhasibu. Mtandao wa hospitali za watoto wa Children's Minnesota ulijiwekea kanuni kwamba kila mtoto anayechomwa apewe mambo manne: dawa ya ganzi ya kupaka, maji ya sukari au ziwa la mama kwa wachanga, kukaa mapajani kwa mzazi badala ya kushikiliwa kitandani, na kitu cha kumpotezea mawazo. Kati ya manne hayo, la kununua kwa fedha ya maana ni la kwanza tu. Lakini kanuni ya namna hiyo ndiyo inayoumba soko, kwa maana inafanya krimu iagizwe kila mwezi kama pamba na spiriti. Muuzaji wa bidhaa hizi anayehangaika na madaktari mmoja mmoja anapoteza nauli. Mnunuzi wake halisi ni kamati inayoandika taratibu za wodi.

WALIOBAKI UWANJANI

Mbio za dakika hazikuisha zote kwa kilio. J-Tip ya National Medical Products, kampuni ya Irvine, California, inafanana na bomba la sindano lisilo na ncha. Kopo dogo la gesi ya kaboni dioksaidi husukuma robo mililita ya lidokeini kupitia tundu dogo mno, na dawa hupenya ngozi kama uzi. Ganzi huwa tayari ndani ya dakika 1 au 2. Hutoa mlio wa chupa ya soda inapofunguliwa, na wauguzi waliozoea humtahadharisha mtoto kwanza. Kampuni hiyo si ya soko la hisa, na kifaa kilipitishwa kama kifaa tiba, siyo kama dawa mpya, kwa kuwa lidokeini inayowekwa ndani yake ni ile ile iliyopo hospitalini siku zote. Njia hiyo ni fupi na gharama yake ni ndogo kuliko ile waliyopita Anesiva. Tofauti hiyo ya njia ya kibali huenda ina uzito kuliko tofauti yoyote ya ufundi kati ya vifaa hivyo viwili.

Wengine waliamua kutohangaika na dawa kabisa. Gebauer ya Cleveland, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1902, huuza kopo la kupuliza ambalo hupoza ngozi kwa sekunde chache na kuitia ganzi kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kloridi ya ethili, ambayo inashika moto. Bidhaa yao ya Pain Ease haishiki. Kopo moja hutumika kwa wagonjwa wengi, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Daktari wa watoto wa Marekani, Amy Baxter, naye alitengeneza Buzzy, kidude chenye umbo la nyuki kinachotetemeka kikiwa na kipande cha barafu mgongoni. Kinawekwa juu ya mahali pa kuchoma, mtetemo na baridi vinashindana na maumivu kwenye njia moja ya neva kuelekea ubongoni, wazo lililoelezwa na Melzack na Wall mwaka 1965. Baxter alikipeleka katika kipindi cha televisheni cha wawekezaji, Shark Tank, mwaka 2014, akaondoka bila kuuza hisa kwa yeyote. Kidude kinafutwa na kutumika tena, kwa hiyo gharama kwa kila mtoto inazidi kushuka kadiri kinavyotumika. Nguvu yake haifikii ya dawa, na hilo lisifichwe.

Na Zingo? Haki zake zilinunuliwa na Powder Pharmaceuticals ya Hong Kong baada ya Anesiva kuanguka, na mwaka 2014 kifaa kikarudi sokoni Marekani kupitia Marathon Pharmaceuticals. Aliyekinunua kutoka kwenye mabaki ya kampuni hakuwa na mzigo wa gharama za utafiti wa miaka yote ile. Biashara nyingi za dawa huanza kulipa kwa mmiliki wa tatu au wa nne.

MRIJA WABADILI MIKONO

Wakati kampuni za kasi zikianguka na kuinuka, ile krimu ya saa nzima imekuwa ikibadilisha wenyewe kwa mabei makubwa. Mwaka 2006 AstraZeneca, iliyozaliwa Astra ilipoungana na Zeneca mwaka 1999, iliuza haki za dawa zake za ganzi na maumivu kwa soko la Marekani kwa kampuni ya Abraxis kwa dola milioni 350, EMLA ikiwemo. Juni 2016 haki za kuuza nje ya Marekani zilikwenda kwa Aspen ya Durban, Afrika Kusini, kwa malipo ya awali ya dola milioni 520, na Septemba 2017 Aspen ikaongeza dola milioni 555 za awali kuchukua haki zilizobaki. Ni furushi la dawa saba, zikiwemo Diprivan na Xylocaine, kwa hiyo isidhaniwe kuwa krimu peke yake ina thamani hiyo. Hata hivyo ilikuwa ndani ya furushi lenye mauzo ya uhakika, yenye hataza zilizokwisha na majina ambayo kila nesi anayajua.

Aspen si mgeni katika ukanda huu. Mwaka 2008 ilinunua asilimia 60 ya Shelys Africa, iliyokuwa na viwanda Dar es Salaam na Nairobi. Hisa za Aspen yenyewe zinauzwa katika soko la Johannesburg. Kwa mwenye mtaji mdogo wa Afrika Mashariki anayetaka kugusa biashara ya ganzi, huo ni mlango wa karibu kuliko Nasdaq, ingawa atakuwa ananunua kampuni nzima na madeni yake, na ganzi ni chumba kimoja katika nyumba kubwa.

KWA MWAGIZAJI

Anayefikiria kuingiza bidhaa hizi kwa maduka ya dawa na hospitali binafsi ana mambo yake ya kuangalia. Krimu ya lidokeini na prilokeini ni dawa na lazima iwe na usajili: Tanzania kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kifaa cha kurusha gesi kinaingia kwa mlango wa vifaa tiba, lakini lidokeini itakayowekwa ndani ni dawa. Nyaraka ni mbili, na asiyelijua hilo atalijulia bandarini.

Joto ni adui wa kimya. EMLA haitakiwi kukaa juu ya nyuzi 30, na mchana wa Februari katika Dar es Salaam au Mombasa hupita hapo hata kivulini, sembuse ndani ya kontena. Ametop inataka nyuzi 2 hadi 8 mwanzo hadi mwisho, maana yake ni jokofu, jenereta na mtu wa kuandika vipimo vya joto. Kwa soko dogo, gharama hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko faida ya mzigo wenyewe. Kopo la kupuliza la baridi nalo lina gesi yenye mgandamizo, na wasafirishaji wa ndege wana masharti yao.

Kuna pia kishawishi cha saluni. Duniani kote krimu za ganzi zinatafutwa sana na wachora tatuu, watoboa masikio na wanaoondoa nywele kwa leza, na mtandaoni zimejaa mirija inayojigamba kuwa na lidokeini ya asilimia kubwa. Mwaka 2007 FDA ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili vijana wa Marekani kufariki. Walikuwa wamejipaka krimu kali za ganzi miguuni na kujifunga nailoni kabla ya kuondolewa nywele. Machi 2024 mamlaka hiyo iliziandikia barua za onyo kampuni sita zilizouza krimu zenye lidokeini zaidi ya asilimia 4 bila kibali. Dawa inayopita kwenye ngozi huishia kwenye damu, na ikiwa nyingi husimamisha moyo. Faida ya mirija ya namna hiyo inaweza kuwa nene, lakini ni mzigo unaoweza kukamatwa, na aliyeuza ndiye atakayeulizwa.

Soko la wodi ni jembamba na la polepole. Mnunuzi atataka mirija midogo ya gramu 5 kuliko mikubwa, kwa kuwa mkubwa ukifunguliwa kwa mtoto mmoja hukaa wazi kwenye droo. Atataka tarehe ya mwisho iwe mbali. Na mrija uuzwe pamoja na plasta yake ya kufunikia: bila kufunikwa, krimu huishia kwenye shuka kabla saa haijatimia, mtoto analia kama kawaida, na hospitali inamrudishia mwagizaji mzigo ikidai kuwa dawa ni feki.